Kompyuta Uliyosema Nisiizime

Baba Mwende,

Nakuandikia nikiwa dukani kwetu hapa Nchiru, mlango nimeurudisha nusu ili wanafunzi wasiingie kuuliza bei ya kuprinti. Kompyuta yako imefika mwisho. Inanguruma, inajizima yenyewe, na fundi niliyemwita kutoka Meru mjini aliifungua akatikisa kichwa. Nimenunua nyingine. Usinune, hii ya zamani ningekaa nayo milele kama ingekubali.

Shida unaijua. Ndani yake kuna ile kompyuta ya pili, ya bandia, uliyoiweka kwa programu ya VirtualBox ili Windows ya zamani iendelee kuishi, kwa sababu programu yako ya kupanga vijitabu vya mazishi inaikataa Windows mpya. Nusu ya marehemu wa upande huu wamepitia humo. Siku ile ulikuwa unapanga cha nyanyake mwanafunzi mmoja wa kule Ishiara. Karatasi zikaisha, ukachukua koti uende mjini. "Usizime, narudi," ukasema. Lori likakukuta njiani.

Sikuzima. Nilipopigiwa simu, niliilaza ile ya bandia vile ulivyonifundisha, ikaganda na kila kitu kikiwa wazi pale ulipokiacha. Tangu hapo sikuiamsha. Hata kijitabu cha mazishi yako nilikipeleka duka lingine, nao wakakuvuta uso kwenye picha ujaze fremu. Wewe uliyezoea kusema kwamba marehemu havutwi uso, ameshavutwa vya kutosha na dunia! Nililia kwa hasira pale kaburini, watu wakadhani ni uchungu tu.

Basi nimezijaribu hizi programu za bure za kuendesha kompyuta ya bandia. Hyper-V haimo kwenye Windows niliyouziwa, inataka ile ya bei. QEMU ina nguvu, lakini inataka niiandikie amri ndefu ndefu, na mikono yangu unaijua, ni ya mouse. VirtualBox mpya ndiyo rahisi, disk yako iliifungua bila maneno. Lakini hakuna hata moja iliyokubali kuupokea usingizi wa mashine ya zamani. Nikamuuliza fundi kama kuna njia.

"Mama Mwende," akaniambia polepole, "disk itahama. Lakini hiyo moment imelala hapo, hiyo haihami. Lazima uiamshe, u-save, halafu uizime vizuri."

Niliogopa. Nilishinda siku nzima nikifuta meza ambazo hazikuwa na vumbi. Mwishowe nikaiamsha. Ukurasa ukarudi: picha ya yule nyanya na kilemba chake, uso haujavutwa. "Ameacha watoto saba na", halafu kile kistari cha kuandikia, kikiwaka na kuzima. Saa ya pembeni ilionyesha ule mchana ulipotoka. Kwa kitambo kidogo ilikuwa mchana ule kweli, Baba Mwende, na wewe uko njiani, na chai yako haijapoa. Kisha saa ikaruka yenyewe, ikashika ya leo.

Sikuongeza neno baada ya "na". Yule nyanya alizikwa zamani, na kijitabu kilichopangwa na watu wengine. Mashine ikaniuliza kama ihifadhi, nikakubali. Skrini ikawa nyeusi, nami nikakaa mbele yake nikiwa nimeshika meza kwa mikono miwili.

Sasa disk yako iko kwenye kompyuta mpya na kazi inatoka kama zamani. Kesho nina kijitabu cha mzee mmoja wa kanisa. Binti yetu ananisaidia akifunga shule. Ananuna kama wewe picha ikikaa upande. Nakuahidi, hakuna marehemu atakayevutwa uso katika duka hili nikiwa hai.

Pumzika, mume wangu. Nimeizima. Ulisema nisizime, unarudi, na mimi nilikungoja mpaka mashine ikachoka kabla yangu.

Mama Mwende