Sauti ya Mvulana wa Roboti

Shoga, nina hasira!

Leo kituo cha televisheni kilialika watu kukumbuka zile katuni za Kijapani za utotoni mwetu. Mama akaenda amependeza, maana yeye ndiye aliyemtilia sauti ya Kiswahili yule mvulana mwenye roboti, miaka sita!

Meneja wa kituo akapanda jukwaani akamsifu mwanamume fulani kwa sauti ile. Mwanamume, shoga!

Mama akainuka. "Mwanangu, sauti ile ni yangu."

Meneja akamcheka! "Mama, yule alikuwa mtoto wa kiume."

Wa kiume! Anamwambia mama yangu!

Mama akavuta pumzi, akatoa sauti ileile: "Simama, roboti! Hatujashindwa!"

Ukumbi mzima, watu na vipara vyao, wakaitikia: "Hatujashindwa!"

Meneja, bila haya, akaomba picha naye.

Mama akachukua mkoba wake. "Kapige na huyo mwanamume wako."