Vua Barakoa, Wakili

2 Juni

Shikamoo mama,

Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, ila kazini ni balaa tupu. Chumba cha mahakama tumejazana, madirisha yamefungwa kwa sababu ya kelele za barabarani, na ingawa ugonjwa huu unasambaa hivi, hakimu wetu hataki kumsikiliza mtu aliyeziba mdomo. "Vua barakoa, wakili, nakusikia nusu nusu." Nikakataa. Akaahirisha kesi wiki mbili! Mteja wangu, yule mpishi wa shule anayedaiwa kuiba mchele, karudishwa rumande na mtoto wake mchanga mgongoni. Aliniangalia mpaka mlangoni, mama.

Binti yako

6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mguu bado unanisumbua, ila mdomo ni mzima. Umefanya vizuri sana kukataa. Huyo hakimu kama masikio yamechoka, si astaafu? Nimekushonea barakoa za kitambaa kizito, ziko kwenye kifurushi. Usivue hata akikufukuza. Ninaye mmoja tu, sina wa akiba.

Mama yako

20 Juni

Shikamoo mama,

Barakoa zimefika, asante, zimenikaa vizuri. Lakini usinigombeze. Siku ya kesi mtoto alikuwa anakohoa pale kizimbani, mama yake anampepea kwa kiganja. Wakili ninayekaa naye benchi moja hakuja, wanasema kalazwa. Hakimu akarudia yale yale. Ningekataa tena, wangerudi rumande tena. Nikavua. Niliongea karibu saa nzima, na dhamana nimeipata! Mpishi yuko kwake sasa. Nimefurahi mno, na naogopa vilevile. Tangu jana koo linawasha. Nadhani ni kwa kuongea sana.

Binti yako

22 Juni

Mwanangu,

Leo hata salamu sina. Koo gani hilo? Napiga simu, inaita weee mpaka inakatika. Nimekasirika, tena usifikiri yataisha leo, lakini hayo tutayamaliza tukionana. Kesho usiende popote, hata wakuite. Nijibu neno moja tu, "mzima", nitaridhika. Nikilikosa nakuja, na mguu huu huu.

Mama

27 Juni

Kipenzi changu,

Niko getini hapa hospitali. Mwenye nyumba wako ndiye aliyeniambia wamekuleta huku. Kuingia haturuhusiwi, ila barua wanapokea, muuguzi anazipeleka ndani.

Mpishi wako naye yupo, kasimama upande wa pili wa barabara na mtoto wake. Mtoto hajambo kabisa. Nilitaka kumchukia, mwanangu, nimeshindwa. Nimemwambia aende nyumbani, hataki.

Asubuhi mlinzi alimrudishia mama mmoja barua yake, bado imefungwa vilevile alivyoileta. Alimpa tu mkononi, naye akakaa chini palepale.

Yangu ifungue. Kama huna nguvu ya kujibu, usijibu, sitakuuliza. Ifungue tu, mama.

Mama yako