Kaburi lenye vigae

Rose, benki wamemnyima mume wangu Mashimba mkopo! Eti nyumba yetu ya Kiseke haina thamani ya kuwekwa dhamana.

Si unakumbuka siku mthamini alipokuja? Mashimba akampeleka mwenyewe hadi kwenye kaburi la baba yake pale uani. Akajisifu, "Nimeliwekea vigae, nyumba ipande thamani."

Ipande thamani, Rose!!

Leo ofisa wa benki kamwambia mbele ya watu, "Nyumba yenye kaburi tukiipiga mnada nani atanunua? Lihamishe kwanza."

Kufika nyumbani, mama yake Mashimba akamuuliza benki wamesemaje. Akajibu taratibu, "Wamemkataa baba."

Wamemkataa baba.

Rose, mama mkwe anavaa viatu. Anataka apelekwe benki sasa hivi.