Simu za Bahman

Jumamosi, 10 Agosti 2013

Chai. Nikamwuliza Dariush kama anataka. Hapana. Nikauliza tena. Hapana, nisijisumbue. Mara ya tatu akapokea, akanywa vikombe viwili. Miaka sita ya ndoa na bado mchezo huu unanichosha. Kwao Iran ndiyo adabu: unakataa, unabembelezwa, ndipo unapokea. Tanga nako tunabembelezana, lakini mimi subira hiyo sikuzaliwa nayo. Mwaka wa kwanza mgeni wake mmoja aliondoka hapa na njaa yake, maskini. Alisema ameshiba, nikaondoa sahani.

Lifti imeharibika tena. Biskuti za Idi bado hazijaisha.

Jumatano, 14 Agosti

Simu kutoka Tehran. Mahnaz, binti wa Bahman, kaka yake Dariush. Bahman yuko hospitali, figo zimekataa. Anataka kusema na mdogo wake. Nikaziba simu kwa kiganja, nikamwuliza Dariush. Hapana, akasema, macho dirishani. Nikamwambia Mahnaz samahani, hataki. Nikarudi kuchambua mchele.

Niandike mara moja, nisirudie. Baba yao alikuwa na kiwanda kidogo cha uchapaji. Alichapa gazeti lililomuunga mkono waziri mkuu, yule aliyewanyang'anya Waingereza mafuta. Agosti 1953, siku ya mapinduzi ya kumwondoa, kundi la watu likavunja mlango. Mitambo ikavunjwa, karatasi zikachomwa, mzee akapigwa mpaka taya likavunjika. Mbele walikuwa vijana wa kilabu cha mieleka. Bahman alikuwa mmoja wao, ana miaka ishirini. Dariush alikuwa na kumi na miwili, kajificha chini ya meza. Alimwona. Bahman hakurudi tena nyumbani, na Dariush hajamsemesha mpaka leo.

Jumatatu, 19 Agosti

Miaka sitini leo. Kila mwaka siku hii Dariush hanyoi ndevu wala hatoki.

Mchana habari ikaja. Nyaraka zimetolewa huko Marekani. Shirika lao la ujasusi limekubali kwa maandishi kwamba mapinduzi yale waliyapanga wao. Rafiki zake Wairani wa mtaa wetu wa Thorncliffe wakapiga simu mmoja mmoja kumpongeza, utadhani kapata mjukuu. Nilidhani atafurahi. Alizima televisheni, akakaa. Baadaye akasema, kwa Kiingereza chetu cha kuokoteza:

"Pesa zilikuwa zao. Lakini aliyekuja mlangoni ni kaka yangu."

Mimi sikuhisi kitu. Nilikunja nguo zote, hata zile ambazo hazijakauka vizuri.

Jumatano, 21 Agosti

Mahnaz tena. Baba yake kaiona habari ile wodini. Kalia machozi. Anasema siku ile watu fulani walipita kilabuni wakawapa vijana noti na fimbo, wakawaambia waziri mkuu anataka kuuza dini. Hakujua ni kiwanda gani wanakwenda mpaka alipofika mlangoni. Anasema alipofika mlangoni angeweza kugeuka, na hakugeuka. Hilo ndilo analotaka kumwambia mdogo wake kwa mdomo wake.

Nilimsikia kwa nyuma. Sauti nyembamba, inaita Dariush jan, Dariush jan, yaani Dariush mpenzi.

Nikamweleza Dariush yote. Nikamwuliza kama atasema naye. Hapana. Mikono ilikuwa magotini. Nikamwambia Mahnaz hataki, nikakata. Mtu mzima kaamua, mimi nani? Nimewachoka wote wawili. Hata kuwakasirikia siwezi.

Ijumaa, 23 Agosti

Bahman amefariki alfajiri. Mahnaz hakulia kwenye simu. Nami sikulia. Dariush akasema sawa. Akaenda roshani kumwagilia nyanya zake. Akamwagilia mpaka maji yakamshukia jirani wa chini, akaja kugonga mlango amelowa bega. Nikaomba radhi mimi.

Nikajaribu kupika halua ya msiba ya kwao, unga, sukari na zafarani. Ikaungua. Tukaila hivyo hivyo.

Jumamosi, 24 Agosti

Hakuna. Nimelala mchana.

Jumapili, 25 Agosti

Asubuhi nikatia chai. Nikamwuliza kama anataka. Hapana. Nikauliza tena. Hapana. Mara ya tatu akapokea kikombe, lakini hakunywa. Akakishika kwa mikono miwili.

Akaniuliza, bila ukali wowote, kwa nini kwenye simu nilikuwa namwuliza mara moja tu.

Nikaenda dirishani. Chini watoto wanacheza mpira kwenye maegesho ya magari. Chai ikapoa mkononi mwake. Nikakichukua kikombe, nikaimwaga, nikamtilia nyingine. Sikumwuliza.