Niliteleza Kwenye Theluji, Wifi

Troyeville,
Johannesburg,
11 Agosti 2017

Mpendwa wifi Melania,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza, maana hasira haijanisahaulisha adabu. Mgongo wako unaendeleaje? Watoto wamepona mafua? Sisi tuna afya, ila baridi ya huku inauma. Mwanetu Nomsa anaelewa Kiswahili chote, lakini ukimwita anakujibu kwa Kizulu.

Sasa nikuulize, wifi. Ujumbe wangu uliusoma kwa miwani ya nani?

Mwezi uliopita matajiri wangu walinipeleka Lesotho nikawaangalizie watoto. Kule milimani kuna theluji, na watu wanashuka wamesimama juu ya ubao, miguu yote miwili imefungwa. Steve, anayewafundisha watoto mchezo huo, akanipa ubao na mimi. Nikajifunza kusimama, halafu kuruka: unakunja magoti, unaegemea mguu wa nyuma, unajirusha mpaka ubao wote unainuka. Siku ya mwisho nikateleza juu ya sanduku refu lililofukiwa kwenye theluji, nikashuka upande wa pili nimesimama. Mimi, niliyeishia darasa la saba.

Kwa furaha nikakuandikia: "Leo nimeteleza na Steve. Nimeanguka sana, lakini raha yake siwezi kusema." Nikatuma na picha. Picha ikamezwa na mtandao wa mlimani, maneno yakafika.

Hukuniuliza hata neno moja. Ukampelekea mama mkwe, mama akapeleka kwenye jumuiya, na wale kina mama wakanisalia rozari nzima kama mwanamke aliyeanguka dhambini. Nilianguka kweli, kwa makalio, mpaka nikawa nakaa upande.

Hilo ningelicheka. Nisilolicheka ni mama kumpigia kaka yako Leodgar simu kwamba Nomsa akabidhiwe Bakiri, jirani yetu anayepanda basi kuja huko mwisho wa mwezi, eti akalelewe kwenye maadili. Mtoto wa miaka mitatu, wifi, ambaye hapati usingizi bila kushika sikio langu. Na mume wangu huyo, tuliyekuwa tunacheka naye, akarudi lindoni asubuhi amenuna. Akanywa chai yote, kisha akauliza, "Huyo Steve ana umri gani?"

Nikachukua kikombe chake nikaenda kukiosha. Niliogopa nitakachosema.

Jumapili nikampeleka Leodgar uani. Nina kipande cha ubao ninachokiweka juu ya kipande cha bomba kinachobingirika nikafanya mazoezi, maana Steve alisema mwakani watatafuta wanawake wa kuwashika watoto wadogo wanaoanza, na kazi hiyo naitaka. Nikamwambia, "Haya, panda." Akapanda na buti zake za ulinzi, ubao ukamkimbia, akaenda chali na kamba ya nguo yote. Nomsa alicheka mpaka akapaliwa. Leodgar akasema akiwa pale pale chini, "Mwambie dada, na mimi nimeteleza."

Akampigia mama kumweleza. Mama hasikii, anasema nimemlisha mwanawe limbwata. Kwa hiyo kazi ni yako. Neno ulilipeleka kwa mdomo wako, ukalirudishe kwa mdomo huo huo, mbele ya jumuiya ile ile. Picha nimeisafisha studio ya Fordsburg, imo humu ndani. Steve ndiye yule mzee mwenye mvi aliyeinama nyuma yangu, anafunga mtoto kiatu. Waoneshe vizuri, mmoja mmoja.

Msalimie shemeji Samwel na shangazi Duni. Mama mpe shikamoo yangu. Mwambie simchukii, na akitaka kumwona mjukuu aje, nitampisha kitanda changu. Mungu akulinde, wifi, na ulimi wako pia aulinde.

Bakiri anakuja na barua hii tu. Nomsa anabaki kwa mama yake.

Akupendaye, hata kwa hasira hii,

Wifi yako Rosalia,
Mama Nomsa