Shemeji, Wanamdai Marehemu Masasisho

Utemini,
Singida.
14 Juni 2025

Mpendwa shemeji Gasto,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Habari za Mtwara, na kile kifua kimepona? Sisi tunaamka. Upepo wa kiangazi umeanza na alizeti zimeshavunwa. Mama magoti yanamsumbua, ila anakula. Esta anasoma vizuri. Nimeona niandike, maana kwenye simu huwa nalia kabla sijafika kwenye jambo lenyewe.

Shemeji, siku tunamzika Nathanaeli, wewe ndiye uliyesimama kwa niaba ya ukoo ukauliza nani anamdai marehemu kaka yako. Watu wa kampuni walikuwa wamekaa palepale, wakanyamaza. Tukajua amelala salama. Leo hata mwaka haujaisha, ndipo wanakumbuka kumdai.

Ni ile seva ya barua pepe aliyokuwa akiitunza kiwandani. Wiki iliyopita barua za wateja zilianza kugoma, na makao makuu wakauliza seva ina masasisho gani ya usalama. Edward, aliyeshika nafasi ya kaka yako, akafungua ukurasa mmoja, akasoma namba ya toleo, akatangaza kwamba ya mwaka huu hakuna hata moja. Nilikuwa mezani kwangu mapokezi, nikamsikia akimwambia meneja, Bwana Antipasi, huku anacheka:

"Bosi, huyu mzee alituachia pagale!"

"Edward, huyo unayemcheka ni mume wangu."

"Pole, Mama Esta, ila mashine haina undugu."

"Haina. Ndiyo maana uiangalie vizuri."

Akaguna tu, akarudi kwenye simu yake.

Imeniuma sana. Mwezi wa pili mwaka huu huu, Jumamosi, ofisi imefungwa, nilimpelekea kaka yako ugali wa uwele na mlenda. Alikula amekaa sakafuni, pekupeku, maana chumba kile cha seva hakiingiwi na viatu, huku akisubiri mashine izime na kuwaka tena. Aliniambia anaweka masasisho. Alikuwa ameshaanza kukonda, lakini alikwenda.

Tena aliwahi kunilalamikia kwamba namba ya ule ukurasa haibadiliki kwa kila sasisho, mengine mpaka uyatafute ndani ya mashine yenyewe. Nilikuwa napepeta uwele, nikasikia nusu. Hiyo nusu nimempa Edward, akaniambia nirudi mapokezi. Bwana Antipasi naye anasema mwisho wa mwezi ataandika makao makuu kwamba marehemu alizembea. Nimechoka, shemeji. Wanamsema mtu ambaye hawezi kujibu, na kuangalia tena hawataki.

Wewe kazi hii unaijua. Nakuomba umpigie Bwana Antipasi, uwaelekeze waangalie panapostahili kabla taarifa haijaondoka. Wewe atakusikiliza. Na ikionekana kweli hayamo, usinifiche. Niambie mimi kwanza, kwa sauti yako, nisije nikaisikia nikiwa nimekaa pale mezani mbele ya wageni.

Msalimie Janeth na watoto, na mjomba Mughwai akipita kwenu. Mama anasema uvae sweta jioni hata kama Mtwara ni joto. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye,
Scholastika

Unikumbuke kwenye sala zako.