Jipu Siku ya Posa

Jumatano, 3 Septemba 1975. Kihesa

Jipu limeota. Tena mahali pa kukalia! Na Jumamosi napeleka posa Mbeya, kwa kina mpenzi wangu Alinanuswe.

Roza, nesi jirani yangu, anasema twende zahanati wakalipasue, ni kazi ndogo. Nipasuliwe kwa wembe, mimi mwalimu wa baiolojia? Nikamweleza kitaalamu: chembe nyeupe za damu zinapambana na vijidudu, zinavimba, maji yanaingia, utando unapasuka, sumu inazimwagikia chembe za jirani, nazo zinavimba. Mwili una utaratibu wake! Roza akasema haya, niende Mbeya na huo utaratibu.

Eti naogopa wembe. Mimi!

Alhamisi, 4 Septemba

Limefika ukubwa wa limau. Nimefundisha wima. Somo: utando wa chembe. Darasa zima macho kwangu. Nadhani ni utamu wa somo.

Ijumaa, 5 Septemba. Mbeya

Basini nilimwachia mama mmoja kiti. Akashuka Makambako, nikamkaribisha mzee. Abiria wakanisifu: huyu ndiye mjamaa wa kweli, siyo wale wa maneno tu! Nikazipokea sifa. Mjomba Ambrosi, mshenga wangu, alikoroma kitini njia nzima.

Homa imeanza. Chembe za jirani zimeitikia.

Jumamosi, 6 Septemba

Nipo kwa Mzee Lutengano, baba yake Alinanuswe. Nilisema nitasimama, kwa heshima. Mzee akanuna — huyu ana safari nyingine? Mjomba akanikanyaga mguu: kaa, utaharibu! Kiti cha mgeni kina kitambaa cheupe, mama mkwe kakifuma mwenyewe. Alinanuswe ananitazama kutoka mlangoni, karibu kulia. Nampenda huyu binti, jamani. Nikakaa.

Tando zote zikapasuka kwa pamoja!

Mzee alikuwa ndiyo ananiuliza kama nitamtunza bintiye. Machozi yakanitoka. Kwanza maumivu, halafu raha — Mungu wangu, raha gani ile! Wazee wakatazamana. Mama mkwe naye akalia: mwanaume mzima, analia kwa ajili ya binti yetu! Wakatoka nje kushauriana.

Naandika hapahapa kitini. Sijasogea. Suruali ya kuazima, rangi ya maziwa, imelowa. Joto linazidi kusambaa chini yangu.

Mjomba amechungulia, meno yote nje. Wamekubali! Nisimame, mzee anakuja kunipa mkono. Na mama mkwe kafurahi mno, anatuzawadia kitambaa cha hiki kiti — anakuja kukitoa mwenyewe, mbele ya wote —